Kutu Niliyoipika

Risasi ya bunduki huamsha mtaa mzima.
Hii ya Jomvu hupita watu wamelala,
chini ya ukuta wa kiwanda cha betri,
ndani ya mtaro ambao watoto wameuita Mto Soda
kwa vile unatoa povu.
Huingia kwenye mfupa wa mtoto
kama mpangaji asiyelipa kodi
na asiyejua kuhama.

Kazi yangu ni kuhesabu nisichokiona.
Wageni wakija, bosi huniita Daktari Nyevu.
Wakiondoka huniita yule dada wa maji.

Mji huu kila mtu ana kesi na kutu.
Imekula bawaba za mlango wa mama,
imekula baiskeli ya kaka, fremu hadi kengele,
imekula mabati mapya deni lake halijaisha.
Nami, mjinga wa watu,
nimeketi naipika.

Chumvi za chuma, za aina mbili,
maji ya moto,
kisha amonia, tone, tone,
hadi macho yalie kama ya mkata vitunguu.
Rangi ya chungwa ikashtuka
ikawa nyeusi ya wanja.
Pasua unywele mmoja mara elfu tano:
upana wa chembe moja ndio huo.
Sijawahi kuiona.
Naijua kama nijuavyo kuwa saa sita mchana
nyota zipo.

Maganda ya kamba niliyaomba Kongowea.
Bi Mwanamize akashika kiuno:
"Wayatakia nini, hata paka hayataki?"
Nikamwambia, kuivisha kutu nguo.
Alinitazama kitambo,
akaniongezea fungu, nadhani kwa huruma.
Nikayachemsha kwa magadi makali
hadi yakasahau kwamba yaliwahi kuogelea.

Jumanne. Maji ya mtaroni ni machachu,
nikayatuliza kwanza kwa chokaa.
Nikamimina giza langu ndani ya chupa, nikakoroga,
nikangoja dakika arobaini
nikila muhogo wa jana.
Halafu nikaegesha sumaku ubavuni
(niliing'oa kwenye spika
iliyokata roho katikati ya harusi ya kaka)
na giza lote likajikokota upande mmoja,
likang'ang'ania kioo kama siafu,
kila chembe na risasi yake mkononi.
Upande wa pili maji,
maji ambayo ningeweza kusoma gazeti kupitia kwayo.

Asubuhi mashine ilisema mia mbili na kitu.
Saa tisa ikasema mbili.
Nilipima tena. Mbili.
Nikatoka nje nikacheka peke yangu, mlinzi akaona.

"Na hilo tope?" bosi akauliza.
"Limwage nyuma ya ukuta, ni debe moja tu."
Bosi, risasi haifi.
Haiozi, haichakai, haina kaburi.
Nimeikamata tu.
Tope hili huoshwa kwa asidi,
risasi irudi kwenye betri, kutu irudi kazini
kama leso ya jikoni.
"Kwa pesa za nani?"
Sikujibu. Nililifunga debe kwa lakiri,
nikaandika jina langu,
nikalisukuma chini ya meza yangu.
Mpaka leo miguu yangu hulala juu yake.

Tsofa wa kaka ana miaka tisa.
Saba anaiandika imegeuka,
na jina la mwalimu limemtoka tangu Januari.
Nilimwonyesha sumaku ikivuta misumari,
ikivuta sindano ya bibi yake,
ikivuta kifuniko cha soda kutoka mchangani.
Akanyamaza.
Akakunja shati, akanipa mkono,
upande wenye mishipa.
"Shangazi, ukiniwekea hapa, itazitoa?"

Nilijua jibu.
Nikaiweka.
Akaguna, kwa vile ilikuwa baridi,
kisha akataka tungoje zile dakika arobaini.

Tukangoja.